AC Inayopuliza Joto: Hesabu ya Gari Linalotoka Mbuchi

AC ya gari ikianza kupuliza hewa ya moto, jibu la haraka kwenye gereji nyingi ni kwamba gesi imeisha. Huenda ni kweli. Lakini kama si kweli, gari lililoko Temeke, jijini Dar es Salaam, litakuwa limepoteza shilingi 60,000 za kujaza gesi bure. Gari linalotoka Mbuchi, kata ya delta ya Rufiji katika Wilaya ya Kibiti, litapoteza shilingi 144,000 kwa kosa hilo hilo. Tofauti ya 84,000 ni petroli ya Kibiti hadi Dar es Salaam na kurudi, na ndiyo inayobadilisha hesabu yote inayofuata.

Kwanza niweke wazi nilivyozipata namba hizo. Kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa ni takriban kilomita 140, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 280. Gari dogo linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litakunywa lita 28. Petroli nimeiweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Msomaji aweke bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ya mwezi husika. Gharama za gereji ninazotumia ni makadirio ya kufanyia hesabu, wala si bei elekezi: kujaza gesi 60,000, na kutafuta tundu, kubadilisha oringi (pete ya mpira inayoziba maungio) na kupiga vakumu (kunyonya hewa na unyevu nje) kabla ya kujaza, 50,000 zaidi. Bei zikipanda au zikishuka kwa pamoja, uwiano haubadiliki. Kipande cha Mbuchi hadi Kibiti nimekiacha nje, kwa sababu mafuta yake hufuata msimu: barabara ya kiangazi na ya masika ni barabara mbili tofauti. Kwa hiyo 84,000 ni kiwango cha chini.

Sasa tulinganishe. Mkazi wa Temeke anayejaza gesi kila baada ya miezi miwili hutumia 60,000 mara sita, sawa na 360,000 kwa mwaka. Akiziba tundu mara moja hutumia 110,000. Mkazi wa Mbuchi anayefunga safari kila mara hutumia 144,000 mara sita, yaani 864,000; akiziba mara moja hutumia 194,000. Kwa wa Temeke, kujaza kila mara ni ghali mara 3.3 kuliko kuziba. Kwa wa Mbuchi ni mara 4.5.

Kuna namna nyingine ya kuitazama tofauti hiyo, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Anaposimama mbele ya fundi, mtu wa Temeke anaambiwa aongeze 50,000 juu ya 60,000, yaani asilimia 83. Anaona amepandishiwa bei. Mtu wa Mbuchi anaongeza 50,000 ile ile juu ya 144,000 alizokwisha kuzibeba, yaani asilimia 35. Umbali, ambao kwa kawaida hufanya kila kitu kiwe ghali kwa watu wa delta, hapa unafanya kazi ya uhakika iwe nafuu kwao kuliko kwa mtu wa mjini.

Dhana mbili zinahitaji kupingwa. Ya kwanza ni kwamba fundi atalipata tundu mara ya kwanza. Tuseme halipati. Safari nne za kuziba kwa 194,000 kila moja ni 776,000, bado chini ya 864,000. Ana nafasi ya kushindwa mara tatu kabla hesabu haijageuka. Dhana ya pili ni kwamba safari ilifungwa kwa ajili ya AC peke yake. Mara nyingi si hivyo: mwenye gari anakwenda Dar kwa shughuli zake na gereji anaipitia njiani. Hapo 84,000 haipo, na anarudi kwenye hesabu ya mtu wa Temeke. Hesabu ya Mbuchi ni ya safari ya kusudi tu.

Kabla ya kuendelea, majina ya vifaa. Kompresa ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukuma gesi. Kondensa, ambayo mafundi wengi huiita rejeta ya AC, imekaa mbele ya rejeta ya maji. Humo gesi hutoa joto lake na kugeuka kimiminika. Evapureta iko chini ya dashibodi; humo kimiminika huchemka, hufyonza joto, na hewa inayopita hapo hupoa. Gesi yenyewe kwenye magari mengi yaliyotoka Japani ni R-134a, ambayo kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Gari dogo hubeba gramu 350 hadi 500. Lenye feni ya nyuma linaweza kubeba 700 hadi 1,000. Nitatumia gramu 450.

Fundi hufunga geji mbili, ya buluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, sindano zote mbili hutulia mahali pamoja. Kwa R-134a, mahali hapo huamuliwa na joto: kwenye nyuzi 25 ni psi 82 (psi ni kipimo cha presha), nyuzi 30 ni 97, nyuzi 32 ni 104, nyuzi 35 ni 114. Fundi akiona 104 mchana wa nyuzi 32 anaweza kusema gesi imejaa. Namba hiyo haisemi hivyo.

Ndani ya mfumo uliofungwa, presha hubaki ile ile maadamu kimiminika kimebaki hata kidogo. Tuchukulie ujazo wa ndani wa mabomba yote ni lita 2.5. Kwenye nyuzi 32, mvuke wa R-134a una uzito wa takriban gramu 40 kwa lita, kwa hiyo gramu 100 zinatosha kujaza mfumo mzima kwa mvuke. Hii ina maana geji itaonyesha 104 kukiwa na gramu 450, itaonyesha 104 kukiwa na 250, na itaonyesha 104 kukiwa na kama 100. Asilimia 78 ya gesi inaweza kuwa imeondoka na sindano isisogee. Ukipinga dhana yangu ya ujazo na kuweka lita 3, jibu ni asilimia 73. Hitimisho halibadiliki.

Geji ya injini iliyozimwa ina faida kwenye ncha mbili tu. Ikionyesha psi 30 kwenye nyuzi 32, mfumo umekaribia kuwa mtupu na swali limekwisha. Ikionyesha juu sana ya 104, kwa mfano 150, ndani kuna kitu kisicho R-134a: hewa, au gesi nyingine iliyochanganywa. Katikati ya hapo, kipimo cha kuaminika cha kiasi ni mizani. Gesi yote hutolewa kwa mashine, mfumo hupigwa vakumu, kisha gramu zilizoandikwa kwenye stika hupimwa kutoka kwenye mtungi. Kuongezea "kidogo" juu ya kiasi kisichojulikana ni hesabu yenye pande mbili tupu. Kama ndani zilibaki gramu 200 na fundi akamimina 450, sasa kuna 650, asilimia 144 ya kiwango. Presha ya upande mkubwa hupanda, na AC hupuliza joto kwa sababu iliyo kinyume na ile ya mwanzo.

Vakumu nayo ina namba yake. Kwenye nyuzi 30 maji huchemka pale tu mgandamizo unaposhuka hadi kilopaskali 4.2, wakati hewa ya kawaida ina 101.3. Pampu inapaswa kuondoa asilimia 96 ya hewa ndipo unyevu uliobaki ndani ugeuke mvuke na kutoka. Fundi asiye na pampu hawezi kufika huko kwa kuipuliza gesi ndani na kuiachia nje, hata arudie mara ngapi.

Sasa kasi ya kuvuja, maana gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta. Hakuna gari linaloinywa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 kuhusu AC za magari liliweka ukomo wa gramu 40 kwa mwaka kwa mfumo wenye evapureta moja, na 60 kwa wenye mbili. Gari letu likivuja kwa ukomo huo kamili, miaka minne itaondoa gramu 160, kama asilimia 36. Gari linalomaliza gramu 450 kwa miezi miwili linavuja gramu 2,700 kwa mwaka, zaidi ya mara 67 ya ukomo. Uvujaji wa kiasi hicho si uzee wa kawaida wa mipira. Ni tundu, na tundu kubwa namna hiyo huonekana.

Namna linavyoonekana ni rahisi, na mtu anaweza kulitafuta akiwa Mbuchi bila kwenda popote. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi inapotokea, mafuta hutokea hapo hapo na vumbi hunasa juu yake. Kwenye maungio ya mabomba ya aluminiamu, pembezoni mwa kondensa na mbele ya kompresa karibu na klachi, tafuta doa jeusi lenye unyevu, la ukubwa wa sarafu au zaidi, sehemu ambayo kandokando yake ni pakavu. Paka povu la sabuni ya unga iliyokorogwa nzito. Kama gesi bado ipo, mapovu yataota polepole. Sabuni ni shilingi 500. Ukiliweka doa hilo kwenye picha ya simu na kumtumia fundi kabla ya safari, ataandaa oringi ya saizi yake, na sehemu ya ile 50,000 ya kutafuta inaweza kupungua.

Hata hivyo gesi ni moja tu kati ya sababu, na kwenye delta naona kuna nyingine zinazostahili kuanza. Ya kwanza ni unyevu wa hewa, ambao watu hawaupigii hesabu.

Chukua mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida ya pwani kwenye joto. Kupoza kilo moja ya hewa hiyo hadi nyuzi 10 kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 57. Kati ya hizo, karibu 34 zinakwenda kwenye kugeuza mvuke kuwa maji, si kushusha joto. Chukua nyuzi 32 zile zile kwa unyevu wa asilimia 30, kama mchana mkavu wa Dodoma. Kilo moja ya hewa inahitaji takriban kilojuli 26. Gari lile lile, gesi ile ile, joto lile lile kwenye kipimajoto, na kazi ya pwani ni mara 2.2 ya kazi ya bara.

Geuza hiyo kuwa nguvu. Feni ya ndani ikisukuma kilo 360 za hewa kwa saa, yaani gramu 100 kwa sekunde, hewa ya nje ya pwani inadai kilowati 5.7. AC ya gari dogo ikiwa nzima kabisa hutoa kilowati 3 hadi 5. Haifiki. Ukibonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, hewa inayoingia kwenye evapureta ni ile iliyokwisha kupoa. Kwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50 kila kilo inadai kilojuli 21 tu, na jumla inashuka hadi kilowati 2.1, punguzo la asilimia 63. Kitufe hicho hakigharimu kitu. Gari linalosemekana halipoi wakati kimewekwa kwenye hewa ya nje halijaonyesha ubovu wowote bado.

Kwa wanaoijua biashara ya samaki na kamba ya delta, ukubwa wa kazi hii unaeleweka kwa barafu. Kilowati 3 kwa saa moja ni kilojuli 10,800. Kuyeyusha kilo moja ya barafu huchukua kilojuli 334. Kwa hiyo AC ya gari dogo inayofanya kazi saa nzima huondoa joto ambalo lingeyeyusha kilo 32 za barafu.

Unyevu huo huo hutoa kipimo cha bure. Kila kilo ya hewa ya pwani inayoshushwa hadi nyuzi 10 huacha gramu 13 hivi za maji. Kwa kilo 360 kwa saa ni karibu lita 5. AC ya gari dogo haifiki huko, lakini hata theluthi moja yake ni zaidi ya lita moja na nusu, na maji hayo hudondoka chini ya gari upande wa abiria au katikati. Gari lililosimama nusu saa Mbuchi likiwa na AC na pasidondoke chochote halipozi, hata kama feni inavuma vizuri. Likidondosha na bado hewa ni ya moto, usiguse gesi: evapureta inafanya kazi yake na joto linatoka kwingine.

Hilo "kwingine" mara nyingi ni hita. Kwenye magari mengi, hewa iliyopoa hupita kwenye mlango mdogo unaoichanganya na hewa ya hita, na ndani ya hita hupita maji ya injini yenye nyuzi 85 hadi 90. Mlango ukikwama wazi kidogo tu, joto hushinda. Kulitambua hili kunahitaji kipimajoto, nilichokikadiria kwa 15,000. Pima nje kivulini, kisha pima kwenye tundu la dashibodi. Nje 32 na ndani 32: AC haifanyi kitu. Nje 32 na ndani 45: hita inachanganya, na gesi hata ukiongeza mara ngapi haitaufunga ule mlango. Nje 32 na ndani 22: inapoza nusu nusu, na hapo ndipo swali la kiasi cha gesi lina haki ya kuulizwa. Kipimajoto cha 15,000 ni asilimia 10 ya safari ya 144,000.

Kisha kuna tope na mwendo. Kwenye Barabara ya Kilwa, gari la kilomita 80 kwa saa hupata upepo wa mita 22 kwa sekunde mbele ya kondensa bila feni kufanya kazi yoyote. Kwenye njia za delta, kwa kilomita 15 kwa saa, upepo ni mita 4. Huko kondensa inategemea feni yake karibu kwa kila kitu, na injini nayo inazunguka polepole, kompresa hali kadhalika. Kwa hiyo AC inayopoza vizuri hadi Kibiti na kugeuka moto baada ya kuacha lami inaelekeza kidole kwenye feni au kwenye kondensa iliyozibwa, si kwenye gesi. Mwenye gari akienda gereji ya Dar, fundi atalijaribu barabarani, litapoza, na atarudishwa nyumbani na gari lisilo na ugonjwa. Ni muhimu aeleze linapopuliza moto likiwa kwenye mwendo gani. Maelezo hayo yana thamani kuliko geji.

Kusafisha kondensa ni kazi ya maji, lakini delta ina sharti lake. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ndoo ya lita 20 hubeba gramu 700. Maji ya mikono ya mto wakati wa bamvua, yakiwa nusu bahari na nusu mto, hubeba gramu 350 kwa ndoo. Ukiyamwagia kondensa ya aluminiamu, maji yatakauka na chumvi itabaki kwenye mapezi yake membamba. Tope limeondoka, kutu imeanza, na kutu ndiyo inayotoboa. Tumia maji ya kisima yasiyo ya chumvi au ya mvua, yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa nyuma kuja mbele. Gharama yake ni ndoo mbili.

Sehemu ghali zaidi ya suala hili ni kompresa, na ndiyo inayohukumiwa kimakosa kwa urahisi. Magari mengi ya Toyota yana swichi ya presha inayoikata kompresa presha ikishuka chini ya megapaskali 0.196, kama psi 28, au ikipanda juu ya 3.14, kama psi 455. Gesi ikiisha, swichi hukata, klachi ya kompresa haigongi, na mtu husema kompresa imekufa. Haijakufa, imelindwa. Bili ya kompresa iliyotumika, kwa makadirio yangu, ni 300,000, kusafisha mabomba 50,000, chujio la gesi jipya 40,000, gesi 60,000 na ufundi 60,000: jumla 510,000. Bili ya oringi ni 110,000. Tofauti ya 400,000 inategemea swali moja: je, umeme unafika kwenye klachi au haufiki? Fyuzi ya shilingi 1,000 au rilei ya 10,000 nazo huleta dalili hiyo hiyo, hasa kwa gari lililoingiwa na maji, na Kibiti na Rufiji ziliona mafuriko makubwa Aprili 2024.

Lakini kompresa inaweza kufa kweli, na gesi pungufu ni njia mojawapo. Mafuta yake hurudi yakibebwa na gesi. Gesi ikiwa chache, mafuta hubaki mbali. Swichi haikati mpaka psi 28, kwa hiyo kuna kipindi kirefu cha kompresa kuzunguka ikiwa na mafuta haba. Uwezekano wa kuharibika siuwekei namba, ila naweza kuuliza uwe mkubwa kiasi gani ndipo kuziba kulipe. Ukigawa 50,000 kwa 510,000 unapata asilimia 9.8. Anayeamini kwamba kuendesha kwa kujazajaza kuna hatari zaidi ya moja kwa kumi ya kuua kompresa, kuziba kunamlipa hata kama gesi isingehitajika tena mwaka mzima.

Je, ndani ya 60,000 kuna gesi ya shilingi ngapi? Mtungi wa kawaida una kilo 13.6 na unatosha magari 30 ya gramu 450. Tukiuweka kwa 350,000, gramu moja ni shilingi 25.7, na gari moja ni takriban 11,600. Hiyo ni asilimia 19 ya bili. Zile 48,400 zilizobaki ni ufundi, pampu, mizani na eneo. Kama mtungi uliwekwa juu ya mizani na namba ikasomwa kabla na baada, na vakumu ikapigwa, bei hiyo ina sababu. Kama bomba lilifungwa na gesi ikaachiwa mpaka bomba la evapureta likawa baridi mkononi, mteja amelipa asilimia 81 kwa kitu kisichopimwa.

Gesi ya bei ya chini mno nayo iulizwe. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na watu watatu walikufa, baada ya kujazwa R-134a bandia iliyokuwa na kloromethani. Kemikali hiyo ikikutana na aluminiamu huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa, na AC ya gari karibu yote ni aluminiamu.

Kuhusu bei ya kesho, marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 kwenye Itifaki ya Montreal yameweka ratiba. Kwa kundi la kwanza la nchi zinazoendelea, matumizi ya gesi za jamii hii yaligandishwa mwaka 2024, yatapungua asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, 50 mwaka 2040 na 80 mwaka 2045. Ratiba hiyo haitaji bei. Lakini gari la mwaka 2012 linaloendelea kutembea mwaka 2035 litatafuta gesi ile ile kwenye soko lililopunguzwa kwa asilimia 30.

Sababu ya ratiba hiyo pia ni namba. Kilo moja ya R-134a ikiachiwa hewani hupasha dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gramu 450 ni sawa na kilo 643. Lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3, kwa hiyo kuvuja kwa gari moja mara moja ni sawa na lita 280 za petroli, au kilomita 2,800, au safari kumi za Kibiti–Dar kwenda na kurudi. Anayejaza mara sita kwa mwaka huongeza safari 60 ambazo hakuzisafiri. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko, ni miongoni mwa sehemu zinazopokea bahari inapopanda.

Imebaki hali ngumu: tundu liko kwenye evapureta, na dashibodi nzima lazima ishuke. Tuseme kazi hiyo ni 400,000, na gesi 60,000, jumla 460,000. Gari linakwenda Dar mara mbili kwa mwezi kwa shughuli nyingine, kwa hiyo 84,000 haihesabiwi, saa sita za AC kila safari, saa 144 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni saa 432, na kila saa ya ubaridi imegharimu 1,065. Kujaza mara sita kwa mwaka ni 360,000 kwa saa 144, yaani 2,500 kwa saa. Tena hiyo inadhani kila saa ilikuwa baridi. Gesi inayoisha kwa miezi miwili hupoza vizuri mwanzoni na vibaya mwishoni. Kama ni nusu tu ya saa zilizopoa, bei ni 5,000. Mwenye gari akiliuza baada ya mwaka mmoja, matengenezo yanamgharimu 3,194 kwa saa, katikati ya namba hizo mbili.

Gari lilelile likienda Dar mara nne tu kwa mwaka lina saa 24, au 72 kwa miaka mitatu. Matengenezo yanakuwa 6,389 kwa saa. Kujaza gesi kabla ya kila safari, maana ya safari iliyopita itakuwa imekwisha, ni 10,000 kwa saa. Juu ya yote mawili kuna mafuta: AC ya kilowati 3 hudai kama theluthi mbili za lita kwa saa, shilingi 2,000. Kwa matumizi hayo hakuna chaguo linalojilipa. Vioo vifunguliwe, na kitufe cha A/C kibaki kimezimwa ili kompresa isizungushwe ikiwa na mafuta haba, mpaka gari lipate safari nyingi zaidi au mmiliki mwingine.